Star Wars na Ugomvi wa Mashabiki Wake

Star Wars ni mfululizo wa filamu za bunilizi ya kisayansi ulioanzishwa na mwongozaji wa Kimarekani George Lucas. Filamu ya kwanza ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977 katika kumbi 32 tu za Marekani. Kufikia Desemba 2019 simulizi yake kuu ilikuwa na filamu tisa, achilia mbali filamu za pembeni, katuni, tamthilia za televisheni, riwaya na michezo ya kompyuta. Malalamiko makali kuliko yote dhidi ya mfululizo huu hayajatoka kwa wanaoudharau. Yametoka kwa watu wanaojua hata majina ya wahusika wasiotamka neno lolote, na karibu kila filamu iliyoifuata ile ya kwanza imewagawa watu hao.

Kiini cha mgawanyiko kinaanzia kwenye mkataba. Ndani ya kampuni ya 20th Century Fox, ukimtoa mkuu wake wa uzalishaji Alan Ladd Jr., wachache waliamini kwamba hadithi ya kijana wa shambani Luke Skywalker, roboti wawili na binti mfalme Leia aliyefungwa katika ngome ya angani ingeleta faida. Filamu ilipigwa Tunisia na katika studio za Elstree nchini Uingereza kwa takriban dola milioni 11. Lucas aliridhika na ujira mdogo wa uongozaji, lakini akabaki na haki za filamu za mwendelezo na za bidhaa zitakazobeba jina la filamu. Siku hizo haki za bidhaa zilihesabiwa kuwa makombo. Filamu ilipovuma, makombo hayo yakawa mamilioni, na filamu ya pili Lucas akaigharimia kwa fedha zake na mikopo ya benki. Akawa mtu adimu Hollywood: msanii anayeamua peke yake hadithi iende wapi. Ndiyo maana mashabiki walipoudhika baadaye, lawama haikuwa na pa kutawanyika. Ilimwangukia yeye.

Upande wa pili wa mkataba huo waliupata watoto. Krismasi ya mwaka 1977 kampuni ya vichezeo ya Kenner ilikuwa haijamaliza kutengeneza sanamu za wahusika, ikauza boksi lisilo na kichezeo ndani yake, lenye cheti cha kuahidi kwamba sanamu zitatumwa mwakani. Wazazi walinunua. Sanamu zilipofika, watoto walikuwa na miaka miwili ya kuzichezea kabla ya filamu nyingine kutoka, na hakukuwa na kanda ya video ya kuwakumbusha mambo yalivyokuwa. Ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Kwa hiyo walijitungia. Walipoingia tena ukumbini mwaka 1980, wengi walikuwa na Star Wars yao kichwani, na ya Lucas ililazimika kushindana nayo.

Kabla ya hapo kulikuwa na aibu ndogo. Tarehe 17 Novemba 1978 televisheni ya CBS ilionyesha kipindi maalumu cha sikukuu kilichochanganya wahusika wa filamu hiyo na nyimbo na vichekesho. Kilikuwa kibaya kiasi kwamba Lucas hakutaka kionekane tena. Waliokuwa wamekirekodi nyumbani walinakiliana kanda zake kwa miaka mingi, wakizitazama kwa mchanganyiko wa kejeli na mapenzi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mmiliki kutaka kitu kifutike na mashabiki kukitunza.

The Empire Strikes Back, iliyoongozwa na Irvin Kershner na kutolewa Mei 1980, leo hutajwa na wengi kuwa bora kuliko zote. Inasahaulika kwamba haikupokelewa hivyo. Vincent Canby wa gazeti la New York Times hakuipenda, na miongoni mwa mashabiki wapo waliotoka ukumbini wamenuna, kwa kuwa filamu iliishia njiani: Luke Skywalker amekatwa mkono, mwenzake Han Solo amegandishwa, na adui wao Darth Vader amedai kuwa ndiye baba wa Luke. Dai hilo lilizua mabishano ya miaka mitatu. James Earl Jones, aliyempa Vader sauti, alisema baadaye kwamba aliposoma maneno hayo alidhani Vader anadanganya. David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alikuwa amepewa maneno mengine kabisa ayatamke wakati wa kupiga picha ili siri isivuje. Barua za wasomaji katika majarida ya bunilizi ya kisayansi kama Starlog zilipima ushahidi wa kila upande.

Wakati huohuo mashabiki, wanawake wakiwa wengi kati yao, walikuwa wakiandika hadithi zao wenyewe za Luke, Leia na Han na kuzichapa katika vijarida vilivyouzwa kwa posta. Mwaka 1981 Maureen Garrett, mkuu wa klabu rasmi ya mashabiki, aliwaandikia wachapishaji akionya kwamba Lucasfilm, kampuni ya Lucas, haitavumilia hadithi za ngono. Baadhi ya waandishi waliuliza kwa hasira ni nani aliyempa kampuni mamlaka ya kusimamia maadili ya ndoto zao. Swali hilo halikupata jibu wakati ule, na mizozo yote iliyofuata imelirudia kwa sura nyingine.

Return of the Jedi ya Mei 1983 ilifunga hadithi, na ilileta pia mgawanyiko wa kwanza wa rika. Dola lenye majeshi ya nyota linashindwa kwa msaada wa Ewok, viumbe wafupi wenye manyoya wanaoishi msituni na kupigana kwa mawe na magogo. Mtoto aliyekuwa na miaka tisa mwaka 1977 sasa alikuwa na kumi na mitano, na aliona dubu wa kuuzia vichezeo. Mdogo wake wa miaka saba aliwapenda. Gary Kurtz, mtayarishaji wa filamu mbili za mwanzo aliyekuwa ameshaachana na Lucas, alidai katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba biashara ya vichezeo ilikuwa imeanza kuelekeza hadithi. Lucas kwa upande wake ameshikilia daima kwamba filamu hizi ni za watoto wanaoingia ujanani, wanaokua wasimlaumu.

Filamu hiyo ina jambo linalowahusu watazamaji wa Afrika Mashariki. Nien Nunb, rubani mwenye mashavu yaliyoning'inia anayekaa kando ya rubani mwenzake Lando Calrissian katika vita vya mwisho, alipewa sauti na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na baadhi ya maneno yake ni Kikuyu cha kawaida. Watengenezaji walitaka lugha ambayo watazamaji wao wasingeitambua. Ukumbini Nairobi ilitambulika mara moja.

Baada ya 1983 palipita kimya kirefu. Mwaka 1991 riwaya ya Timothy Zahn, Heir to the Empire, ilipanda hadi kilele cha orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani, na nyuma yake vikafuata vitabu na vibonzo vingi vilivyosimulia ndoa ya Han na Leia, watoto wao, na shule mpya ya Luke ya kufundisha mashujaa wa Jedi. Wasomaji wa vitabu hivyo walivihesabu kuwa historia halali. Lucas hakujiona amefungwa navyo.

Ufa mkubwa ulitokea kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia, yaani kwa filamu ileile ya zamani. Kuanzia Januari 1997, kuadhimisha miaka ishirini, Lucas alirudisha filamu tatu za mwanzo katika kumbi akiwa ameziongezea picha za kompyuta, viumbe wapya na mandhari mapya. Mabadiliko mengi yangeweza kusameheka. Moja halikusameheka. Mwaka 1977 Han Solo, akiwa amekalishwa mezani na mwindaji aitwaye Greedo, alimpiga risasi chini ya meza bila kungoja. Katika toleo jipya Greedo anafyatua kwanza, anakosa, kisha Han anajibu. Tofauti ni ya sekunde moja au mbili, lakini kwa mashabiki Han alikuwa mhuni anayejifunza kuwa mwema. Akipunguziwa uhuni wa mwanzo, safari yake yote inafupishwa. Fulana zilizoandikwa kwamba Han ndiye aliyepiga kwanza ziliuzwa sana, na Lucas mwenyewe aliwahi kupigwa picha amevaa mojawapo.

Hasira hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kuichochea. Mwaka 1988 Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga kampuni zilizokuwa zikitia rangi filamu za zamani za nyeusi na nyeupe, akisema kwamba kuharibu kazi za sanaa ambazo ni urithi wa taifa ni ushenzi. Mwaka uliofuata Star Wars ikawa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Miaka minane baadaye mtetezi yuleyule alikuwa akifuta sura ya filamu hiyo, na aliendelea: katika DVD za 2004 mzimu wa Anakin Skywalker, yaani Vader, akiwa mzee ulibadilishwa kuwa wa Hayden Christensen, mwigizaji wa Anakin kijana ambaye mwaka 1983 alikuwa mtoto mdogo, na katika Blu-ray za 2011 Vader aliongezewa kilio. Hoja ya Lucas ilikuwa kwamba filamu ya 1977 ilitoka haijakamilika kwa uhaba wa fedha na mitambo, na msanii ana haki ya kumaliza kazi yake. Hoja hiyo si dhaifu, ingawa inalisahau jambo moja: tuzo sita za Oscar za mwaka 1978 zilitolewa kwa filamu hiyohiyo isiyokamilika. Mashabiki wengine walichukua hatua. Mmoja wa Jamhuri ya Czech aliunganisha vipande kutoka nakala mbalimbali ili kurejesha sura ya zamani. Wengine walichanganua mikanda ya zamani ya sinema fremu kwa fremu. Kazi zote hizo zilikiuka hakimiliki. Juni 2025 taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilipoonyesha London mkanda halisi wa 1977, onyesho hilo lilikuwa habari ya kimataifa.

Filamu za utangulizi, zinazosimulia jinsi Anakin Skywalker alivyogeuka kuwa Vader, zilikuja juu ya jeraha hilo. Novemba 1998 kuna watu waliolipa kiingilio cha filamu nyingine ili waone trela tu, kisha wakaondoka. Watu walipiga kambi nje ya kumbi kabla ya tarehe 19 Mei 1999. The Phantom Menace iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani, na ikaacha uchungu ambao sinema ilikuwa haijauzoea. Mashabiki walilalamikia mjadala wa kodi ya biashara, Nguvu ya Jedi kuelezwa kwa vijidudu vya damuni, uigizaji mkavu, na zaidi ya yote Jar Jar Binks, kiumbe mcheshi anayejikwaa kila hatua. Baadhi ya wahakiki waliona ndani yake kejeli za zamani dhidi ya watu weusi, jambo ambalo Lucasfilm ililikana.

Waliolipa gharama ya hasira hiyo walikuwa waigizaji. Ahmed Best, kijana mweusi aliyecheza Jar Jar, alieleza mwaka 2018 kwamba shambulio la vyombo vya habari na mashabiki lilimfikisha ukingoni mwa kujiua. Jake Lloyd, aliyecheza Anakin akiwa mtoto, aliacha uigizaji baada ya kudhihakiwa shuleni. Mashabiki wengine walichagua mkasi badala ya matusi: mhariri Mike J. Nichols alikata upya filamu hiyo, akapunguza vichekesho vya Jar Jar, na nakala yake ikazunguka Marekani kwa jina la The Phantom Edit. Attack of the Clones ya 2002 haikutuliza mambo. Revenge of the Sith ya 2005 ilipokelewa vizuri zaidi. Mwaka 2010 filamu ya hali halisi, The People vs. George Lucas, iliwakusanya wanaompenda na wanaomshitaki, na mara nyingi wakawa watu walewale.

Tarehe 30 Oktoba 2012 Lucas alitangaza kuiuzia Disney kampuni yake kwa dola bilioni 4.05. Kulikuwa na shangwe, maana wengi waliamini kwamba hadithi imeondoka mikononi mwa mtu aliyewaudhi. Shangwe ilipungua Aprili 2014, wakati vitabu na vibonzo vya zaidi ya miaka ishirini vilipotolewa katika historia rasmi na kupewa jina la Legends, ili waandishi wa filamu mpya wawe huru. Lucas naye hakufurahi. Mkuu wa Disney wakati huo, Bob Iger, ameandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba Lucas aliona amesalitiwa alipogundua kwamba muhtasari wake wa hadithi hautatumika.

The Force Awakens ya J.J. Abrams, Desemba 2015, ilivuka dola bilioni mbili. Ilimleta Lupita Nyong'o, Mkenya mwenye Oscar, kama Maz Kanata, bibi mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na Kipsang Rotich akarudi kumpa Nien Nunb sauti. Wapo walioilaumu kwa kunakili filamu ya 1977 hatua kwa hatua. Hata hivyo lilizuka pia jambo la aina nyingine. Tangu John Boyega, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aonekane katika trela ndani ya vazi la kivita la askari, kikundi cha watu mtandaoni kilitaka filamu isusiwe kwa sababu ya rangi yake. Kuanzia hapo ikawa vigumu kutenganisha lawama za sanaa na chuki zilizovaa ngozi ya lawama za sanaa.

Ugumu huo ulifika kileleni Desemba 2017 na The Last Jedi ya Rian Johnson. Luke, shujaa wa 1977, anaonekana mzee aliyekata tamaa, amejificha kisiwani. Anapokabidhiwa upanga wake wa mwanga, anautupa nyuma ya bega. Wazazi wa shujaa mpya Rey, waliokisiwa kwa miaka miwili, wanatajwa kuwa watu wa kawaida walevi. Waliofurahi waliona kwamba hatimaye mfululizo umekataa kujirudia. Waliochukia waliona kwamba mtu waliyekua naye amevunjiwa heshima, na Mark Hamill mwenyewe alisema alipingana na mtazamo huo juu ya Luke, kisha akajutia kulisema hadharani.

Kipimo cha mgawanyiko kilitegemea nani anapima. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes wahakiki waliipa filamu asilimia 91, ilhali kura za watazamaji zilizidi asilimia 40 kidogo tu. Wakati huo mtu yeyote aliweza kupiga kura hiyo bila kuthibitisha kwamba amenunua tiketi. Watu waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa daraja la A. Mtafiti Morten Bay alichambua ujumbe wa Twitter aliotumiwa Johnson, akaona kwamba takriban mmoja kati ya watumaji watano ndiye aliyekuwa na chuki, na kama nusu ya hao walielekea kuwa na ajenda za kisiasa, wachokozi, au akaunti zisizo za binadamu. Utafiti wake ulipoandikwa magazetini, mara nyingi ulifupishwa vibaya hadi kumaanisha kwamba wapinzani wote wa filamu walikuwa maroboti ya Warusi. Watu wengi waliichukia kwa sababu zao halali, wakaudhika zaidi kuambiwa kwamba hawapo. Waliomwandama Kelly Marie Tran, mwigizaji Mmarekani mwenye asili ya Vietnam aliyecheza Rose Tico, walikuwepo pia: Juni 2018 alifuta kila kitu katika ukurasa wake wa Instagram, na Agosti akaandika katika New York Times kwamba alikuwa ameanza kuyaamini maneno yao.

Mei 2018 Solo, iliyobadilishiwa waongozaji katikati ya upigaji, ikawa ya kwanza kati ya filamu za waigizaji kuleta hasara. Kwa filamu ya mwisho, Abrams alirudishwa baada ya Colin Trevorrow kuondoka. The Rise of Skywalker ya Desemba 2019 ilisomeka kama barua ya kuomba radhi kwa waliokasirika: Rey anageuka kuwa mjukuu wa Palpatine, mfalme mwovu wa Dola, na Rose anabakiziwa dakika moja na ushei. Waliokasirika hawakuridhika, na walioipenda filamu ya Johnson wakajiunga nao katika malalamiko. Mwaka 2020 Boyega alisema hadharani kwamba wahusika wasio weupe walitangazwa kama wakuu, kisha wakasukumwa kando.

Huku hayo yakiendelea, filamu za utangulizi zilikuwa zikirudishiwa heshima kimyakimya. Walioanza kuzitazama mwaka 1999 wakiwa na miaka saba walikuwa watu wazima, na hawakuona sababu ya kuzionea haya. Katuni ya The Clone Wars, iliyoanza 2008 chini ya Dave Filoni, ilikuwa imempa Anakin utu uliokosekana. Aprili 2019, katika mkutano wa mashabiki Chicago, Ahmed Best alishangiliwa na umati uliosimama. Mwaka 2023 alionekana katika tamthilia ya The Mandalorian akiwa Jedi anayemwokoa mtoto Grogu. Hayden Christensen, aliyekejeliwa kwa uigizaji wake, alirudi mwaka 2022 katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi na kupokelewa kama ndugu aliyepotea. Katika tamthilia hiyohiyo Moses Ingram, mwigizaji mweusi, alimiminiwa ujumbe wa kibaguzi tangu wiki ya kwanza, na Ewan McGregor akalazimika kurekodi video ya kumtetea. Revenge of the Sith iliporudishwa kumbini Aprili 2025 ilijaza watu, wengi wao wakiwa hawajazaliwa au wakiwa wadogo ilipotoka.

Televisheni imeugawa umma huo upya. Andor ya Tony Gilroy, iliyomalizika 2025, ilisifiwa karibu na kila upande, japo wengine walihoji kama hadithi ya ukatili wa kiofisi na ujasusi, bila Jedi hata mmoja, bado ni Star Wars. The Acolyte ya 2024 ilifutwa baada ya msimu mmoja. Wapo waliolaumu uandishi, wapo waliolaumu kampeni iliyoendeshwa dhidi yake kabla haijaonyeshwa. Aprili 2023, London, Lucasfilm ilikuwa imetangaza filamu mpya ya Rey itakayoongozwa na Sharmeen Obaid-Chinoy wa Pakistan. Waandishi wake wamebadilishwa zaidi ya mara moja, na wanaoitetea na wanaoipinga walianza kujibizana siku ileile ilipotangazwa.